Shukrani kwa aliyenifufua katika msitu wa Yew, ndani ya mchezo wa Ultima Online

Ndugu nisiyekujua, naandika kutoka Shangani, Mtwara, ili watu washuhudie. Nimerudi Ultima Online, mchezo wa kompyuta wa mtandaoni wa tangu 1997, safari hii si kupigana, ni kutembea tu nione pembe zake. Nikafia msituni karibu na mji wa Yew, nikabaki mzimu, na bando linaelekea kukata. Ukanifufua kwa bandeji, ukanilinda nikiokota vitu vyangu kwenye maiti. Kisha ukanikabidhi kitabu cha rune (vijiwe vya uchawi vinavyotiwa alama ya mahali ili vikupeleke hapo), nafasi zote 16 umezitia alama mwenyewe: miji ya Moonglow, Trinsic, Skara Brae, hadi mapango nisiyowahi kuyaona. (Anayejua kazi ya kuzunguka kote huko atanielewa.) Dhahabu ukaikataa. Wakongwe wenzangu, mkimkuta mgeni anatangatanga, mpeni japo rune moja.