Mwanao anapenda kuchora? Pa kutafuta picha za mikao mtandaoni

Mwezi uliopita mama mmoja aliingia kwenye duka letu la uchoraji, hapa Mji Mkongwe, na simu ya mwanawe mkononi, uso umemwiva. Kijana wake yuko kidato cha pili na huja kwenye darasa letu la kuchora kila Jumamosi. Tulikuwa tumemwambia akatafute mtandaoni picha za mikao ya watu. Alitafuta, na yaliyomfungukia ni miili mitupu ya watu wazima. "Mwalimu, haya ndiyo mnayowafundisha watoto wetu?"

Kosa lilikuwa letu. Tulimtuma mtoto sokoni bila ya kumwambia aingie duka lipi. Kwa wazee wote wenye wasiwasi kama wake, na kwa vijana wenyewe, haya ndiyo tuliyopaswa kuyasema mapema.

Kwenye skuli za sanaa za Ulaya, kuchora mtu asiye na nguo ni somo la msingi tangu karne nyingi, na tovuti nyingi za mikao zimerithi mtindo huo. Mwanafunzi wa hapa halazimiki kuufuata. Ipo tovuti inayoitwa Line of Action: ni ya bure, na kabla ya kuanza unachagua watu wenye nguo tu, kisha unaweka muda. Picha hubadilika zenyewe muda ukimalizika. Mzee akae na mwanawe dakika mbili, waweke chaguo hilo pamoja. Nyengine ni Posemaniacs ya Japani, ambayo badala ya watu ina sanamu za kompyuta zinazoonesha misuli mitupu bila ya ngozi. Inafaa sana kwa anayetaka kujua bega limeshikana vipi na mkono.

Anza na sekunde 30 kwa kila mkao. Najua zinaonekana chache. Wanafunzi wetu karibu wote hukimbilia macho na nywele, na muda ukiisha wana kichwa kizuri kinachoelea hewani. Katika sekunde 30 hakuna jicho. Kuna mstari mmoja tu, kutoka kisogoni, ukapita mgongoni, mpaka kisigino cha mguu uliobeba uzito. Mstari huo ukikaa sawa, hata mtu wa vijiti ataonekana anakwenda. Vipimo vije baadaye: mtu mzima ana urefu wa vichwa vyake saba na nusu hivi, na mtoto mdogo anayeanza kutembea ni kama vinne.

Kubuni mhusika wa hadithi au wa katuni ni kazi nyengine, na hapa ndipo tunapoumia. Vijana wanatuletea wahusika wazuri kwa mkono, lakini wote wana macho yale yale makubwa na nywele za miba, maana wote wamechota kisima kimoja. Ukitafuta picha, usiandike "mwanamke wa Afrika". Andika kazi anayoifanya na pahala alipo: mkulima wa mwani Paje, mchuma karafuu Pemba, mchezo wa ng'ombe. Wikimedia Commons ina picha nyingi za namna hii, na kila moja imeandikwa masharti ya kuitumia. Kwa mavazi ya zamani, Chuo Kikuu cha Northwestern cha Marekani kimeweka mtandaoni mkusanyiko wa Winterton, wenye picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki kuanzia 1860 hadi 1960. Mkunjo wa kilemba na mkato wa joho utauona humo, huna haja ya kukisia.

Pinterest ni nzuri kwa kukusanya, lakini mara nyingi picha hufika pale imeshapotezana na mwenyewe. Ukiiona kazi ya mchoraji mwengine, jifunze kwayo, usiinakili ukaiuza. Wateja wanaotuletea picha kama hizo wakitaka tuwachoree "huyu huyu" kwa ajili ya nembo ya duka, huwa tunakataa.

Kisha nenda Forodhani jioni, vijana wanaporuka baharini. Watu wote hutazama mruko wenyewe. Wewe tazama kabla yake: vidole vya miguu vimeng'ang'ania ukingo wa ukuta, magoti yamekunjika, mikono imerudi nyuma, kidevu kimetangulia. Mwili mzima umeshaondoka ila miguu. Mkao huo hatujaupata kwenye tovuti yoyote. Mwombe nduguyo aukae, mrekodi sekunde kumi kwa simu, halafu isimamishe video unapopataka. Ukitaka kumpiga picha mtu usiyemjua, mwombe ruhusa kwanza, na akikataa basi mchore kwa kumbukumbu.

Bando nalo ni gharama, tunalijua hilo. Kwa hiyo tumekusanya dukani faili la mikao ya watu wenye nguo, na picha za kazi na mavazi ya kwetu, zote ambazo wenyewe wameruhusu zitumike au haki zake zimekwisha. Njoo na flashi au kadi ya kumbukumbu ya simu siku yoyote isipokuwa Ijumaa mchana, tunakunakilia bure, uwe mwanafunzi wetu au usiwe. Yule mama ndiye aliyekuwa wa mwanzo kuchukua.