Litoe hilo turubai uvunguni

Morogoro,
Jumapili jioni

Mama Salum, shoga yangu,

Hujambo, na watoto hawajambo? Mfikishie mama shikamoo yangu. Sisi huku wazima wa afya. Milima ya Uluguru imejifunika wingu tangu asubuhi, Neema yuko barazani anachambua mchele, nami nimepata wasaa wa kukaa na kalamu.

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unasema umenunua mita mbili za turubai kwa ajili ya begi la Salum, ukazikunja, ukazisukuma uvunguni mwa kitanda, na kila ukishika mkasi mkono unakufa ganzi kwa sababu hujawahi kushona kitu zaidi ya foronya. Nimeona nisikujibu kwa simu. Haya mambo yanataka nafasi. Mimi nami nilianzia kwenye foronya, na aliyeshona foronya ameshajifunza karibu yote yanayotakiwa hapa. Begi halina kola, halina kwapa wala kiuno cha kubana. Ni mishono iliyonyooka na pembe nne.

Shule zilipofunguliwa Januari nilimnunulia Neema begi jipya, la rangi mbili, lenye mifuko mingi kwa nje. Machi haijaisha, mkanda mmoja ukang'oka. Nikampelekea fundi viatu akaushona, ukang'oka wa pili. Ikafika siku mtoto anatoka na madaftari kwenye ile mifuko laini tuliyoizoea tangu ya plastiki ilipopigwa marufuku Juni 2019, na mvua ya masika ikamkuta njiani. Kaunta buku la Sayansi lilirudi limevimba kama mkate uliochovywa kwenye chai. Liliniuma sana, shoga. Daftari jipya lipo dukani, lakini mwandiko wake wa miezi miwili haupo.

Lile begi bovu sikulitupa. Usiku mmoja nilikaa nikalifumua lote kwa wembe, mshono mmoja baada ya mwingine, nikapanga vipande sakafuni. Kama una begi lililochoka hapo nyumbani fanya hivyo kabla ya jambo lolote, maana litakufundisha kuliko maneno yangu. Niliona kipi kilishonwa kwanza na kipi kilifuata. Nikaona pia mkanda ulikuwa umeingizwa kwenye mshono kwa upana wa ukucha tu, ukapigwa cherehani mara moja, na nyuma yake hakuna hata kiraka. Uzito wote wa madaftari ulikuwa unaning'inia kwenye nyuzi chache. Hofu ilinitoka palepale, kwa sababu nilijua mimi naweza kushona vizuri kuliko vile. Zipu ilikuwa nzima, na vile vipande vya plastiki vya kurefushia mikanda vilikuwa vizima. Nikavihifadhi, vimo kwenye begi la sasa.

Sasa mwite Salum. Mpime kuanzia kile kifupa kinachochomoza chini ya shingo hadi kiunoni. Neema alikuwa na sentimita 38, nikamkatia begi la urefu wa 40, maana likishuka sana chini ya kiuno linamvuta mtoto nyuma. Halafu weka mezani kila anachobeba siku ile yenye vipindi vingi kuliko zote, pamoja na kikebe cha vifaa, uyapange kama yatakavyokaa, upime unene. Rundo la Neema lilikuwa na sentimita 11. Nikaongeza 5 za sweta na chupa ya maji, ikawa 16. Upana nikaweka 30. Karatasi ya A4 ina upana wa 21, kwa hiyo hata akipewa bahasha ya shule inaingia bila kukunjwa na mkono unapita pembeni.

Hiyo 16 ni upana wa ubavu, ule ukanda unaozunguka begi kati ya uso na mgongo, na ndiyo inayompa mtoto nafasi. Ukiunganisha uso na mgongo bila ubavu umeshona foronya yenye mikanda: madaftari matatu tu na katikati linavimba, zipu inagoma. Watu wengi wanaoanza hukosea hapo, wakadhani dawa ni kukata begi pana zaidi. Dawa ni ubavu.

Mishono yote niliiachia sentimita moja na nusu kila upande. Kwa hiyo uso na mgongo nilivikata 33 kwa 43. Ubavu una sehemu mbili. Ya chini ni kipande kimoja cha urefu wa 73 na upana wa 19. Ya juu ndiyo ya zipu: vipande viwili, kila kimoja 73 kwa 10, na katikati yake zipu ya sentimita 70. Kila kipande kikikunjwa kwenye zipu na kushonwa pembeni kinabaki na 7, zipu yenyewe inaonekana kama 2, jumla inarudi ile ile 16. Chora kwanza kwenye karatasi ya kaki au gazeti, ukate, uunganishe kwa gundi ya karatasi, umvalishe Salum mgongoni. Karatasi ikiharibika huna hasara.

Mimi nilitumia jinzi mbili za mitumba, za kiume, zile pana. Wewe na turubai lako huna kazi ya kuunga vipande, lakini kuna jambo moja. Kama lina utando wa plastiki kwa nyuma, sindano ikishatoboa tundu halizibi. Usilichome pini hovyo. Libane ukingoni kwa vibanio vya nguo, na ukifumua mshono urudie kwenye matundu yale yale. Pasi nayo usiisogeze karibu.

Kwenye cherehani nilianza na sindano namba 14, ikavunjika nilipofika kwenye mshono mnene wa pembeni wa jinzi. Mzee mmoja fundi, anayeshonea kwenye baraza la duka hapa mtaani kwetu, akanipa namba 16, na ya 18 kwa ajili ya mikanda. Akanionyesha pia kitu ambacho sasa nakifanya kila mara. Mahali palipojikunja tabaka nyingi, paweke juu ya jiwe bapa, ufunike na kitambaa, ugonge kwa nyundo. Panalainika na kushuka. Kisha unatoa miguu kwenye cherehani na kuzungusha gurudumu kwa mkono, hatua moja moja, mpaka uvuke. Tangu siku hiyo sijavunja sindano. Uzi tafuta wa poliesta, ule unaokata kidole ukiuvuta. Wa pamba huoza kwa jasho na mvua.

Zipu ishone kwanza, kabla begi halijapata umbo, wakati vipande bado vimelala. Piga bandi, ile mishono mirefu ya muda, kwa mkono kabla ya kupeleka kwenye mashine. Ninajua utataka kuiruka hatua hii, ila zipu hucheza chini ya mguu wa cherehani na ukifika mwisho upande mmoja umeshamzidi mwenzake. Miisho yote miwili ya zipu ifunike kwa kipande cha kitambaa ndipo uiunganishe na ule ubavu wa chini, utakuwa na pete kubwa. Meno ya zipu ukiyapaka mshumaa yanateleza.

Na hapa ndipo nilipokosea vibaya. Nilitaka pembe za mviringo, nikachukua kifuniko cha kopo la maziwa ya unga, chenye upana wa sentimita 10, nikazungusha pembe zote nne za uso na mgongo. Zikapendeza. Nilipokuja kuizungushia ile pete nikakuta inazidi karibu sentimita 9. Nilipima tena, nikapima tena, nikalala nayo. Alfajiri ndipo nikaelewa: njia ya kuzunguka pembe ni fupi kuliko kwenda mpaka kwenye ncha na kurudi, kila pembe ilikula zaidi ya sentimita 2, mara nne. Ilibidi nifumue kiungo kimoja cha ubavu wa chini, nikipunguze, nishone upya. Kwa hiyo wewe kiungo kimoja kiache wazi. Zungusha ubavu kwenye uso, ukifika mwisho ona umebakiza kiasi gani, ndipo ukate na kufunga. Kwenye pembe ukate ukingo wa ubavu kwa ncha ya mkasi, vijikato vifupi visivyofikia mstari wa mshono, ili upinde bila kujikusanya.

Mikanda inashonwa kwenye mgongo kabla mgongo haujaunganishwa na kitu kingine chochote. Hapo usiwe na haraka kabisa. Nilikata kiraka cha jinzi, 20 kwa 10, nikakiweka kwa ndani ya mgongo, sehemu ya juu katikati, na mikanda ikakaa nje yake. Kila mkanda una upana wa 6 na urefu wa 42, nikaushona kama bomba, nikaugeuza, nikaupenyezea sponji iliyochanwa kutoka godoro kuukuu, unene wa sentimita moja. Ncha ya juu haikuingia kwenye mshono wa ukingo. Niliilaza juu ya mgongo kwa sentimita 6 nzima, nikapiga mraba, na ndani ya mraba msalaba, kisha nikarudia njia ile ile mara ya pili, juu ya kiraka. Kati ya mkanda na mkanda niliacha sentimita 5 tu. Ikikaa mbali inateleza mabegani na mtoto anatembea akijikunja kuivuta. Kule chini, ile mikanda ya nailoni ya sentimita mbili na nusu inayopita kwenye vipande vya kurefushia niliikunjia ndani ya kipande cha pembe tatu cha jinzi, na pembetatu hiyo ndiyo iliyoingia kwenye mshono wa pembeni. Baada ya kumaliza nilimwambia Baba Neema ashike mkanda mmoja anyanyue begi lenye kilo 10 za mchele. Akalinyanyua, akalitikisa. Uzi haukulia.

Jambo la mwisho kabla ya kufunga mgongo: acha zipu wazi nusu. Ukifunga begi lote kwa nje-ndani na zipu imefungwa, hutapata pa kuligeuzia. Na ile mikanda ikusanye katikati uifunge kwa kamba, isije ikanaswa kwenye mshono.

Bitana sasa. Unakumbuka ile doti ya khanga uliyonipa nilipojifungua Neema, ya manjano na nyeusi, yenye jina HONGERA MAMA? Kipande kimoja kilimalizika kwa kumbebea mgongoni, kikafa kifo chake. Cha pili nilikuwa nimekitunza sandukuni. Nimekikata, shoga, nilikaa nacho mapajani muda mrefu kwanza, kisha nikakikata. Nililaza khanga chini ya kila kipande cha jinzi nikashona vyote viwili kama kitambaa kimoja, ndiyo njia nyepesi kwa anayeanza, na kingo za ndani nikazifunika kwa taraza, yaani utepe wa kitambaa. Lile jina nililiweka kwenye ukuta wa nyuma, kwa ndani, juu kabisa. Neema akifungua zipu darasani analiona. Aliniuliza nani aliyepongezwa, nikamweleza habari zako, na jinsi ulivyokuja na basi kutoka Tanga mwanangu akiwa na siku nne.

Kwenye kitako, kati ya jinzi na khanga, nilitia kipande cha nailoni nene. Hakizuii mvua yote, maana maji hupita kwenye matundu ya sindano, lakini akiliweka begi kwenye majani yenye umande madaftari ya chini hayaloi. Wewe mwenye turubai huenda usikihitaji.

Kuna tahadhari moja, maana begi kubwa linamshawishi mtoto abebe kila kitu. Wiki ya kwanza nilipeleka la Neema kwa jirani anayeuza mchele, tukaliweka kwenye mizani: kilo 5.4, na mtoto mwenyewe ana kilo 31. Wako madaktari wa watoto wanaosema mzigo wa begi usizidi asilimia 10 hadi 20 ya uzito wa mtoto. Bado alikuwa ndani ya kiwango, lakini kwa umbali anaotembea niliona ni mwingi. Nikarudi kwenye cherehani, nikaongeza mfuko mpana wa ndani unaogusa mgongo, ndimo yanamokaa makaunta buku, ili uzito ukae karibu na mwili. Na kila jioni anapanga madaftari kwa ratiba ya kesho huku nikimwangalia. Sasa anatoka na kilo 3 na kitu.

Ilinichukua jioni sita. Gharama yangu kubwa ilikuwa zile jinzi na uzi, kwani mengine yalitoka kwenye begi bovu. Ana miezi sasa analibeba, na ile miraba ya mikanda naikagua kila Jumamosi nikifua sare. Haijalegea.

Anza na karatasi wiki hii, Salum akiwa bado likizo. Nimekuchorea vipande vyote nyuma ya barua, na vipimo vyake, ila vyako vitatoka mgongoni kwa Salum mwenyewe, usivifuate vya Neema. Ukikwama kwenye zipu nipigie usiku baada ya saa mbili, watoto wakishalala, uwe umekaa kwenye cherehani, tutaishona pamoja.

Baba Salum msalimie.

Ni mimi shoga yako,
Mama Neema