Mchanga wa Hamisi

Columbus, Ohio

Dada Somoe,

Shikamoo. Laki tatu za mabati nimezituma jana kwenye simu ya Hamisi, maana yako haipatikani. Azitoe mbele yako, asije akasema makato yamekula.

Ni kweli tunatafuta nyumba ya kustaafia. Mwakani natimiza 67, napata pensheni kamili, na watu wa huku wakistaafu hukimbia theluji: ama Arizona ama Florida. Wifi yako alitaka Arizona, eti joto lake kavu, viungo haviumi. Tukaenda Phoenix mwezi wa saba. Dada, lile si joto la binadamu! Mwaka 2023 walikaa siku 31 mfululizo, kila siku nyuzi 43 na zaidi. Nilishika kitasa cha gari nikaruka kama niliyeshika kaa la moto. Na bahari hakuna. Mtu wa Mikindani nikazeekee jangwani, nitazame nini?

Florida tulifikia karibu na Tampa. Jasho, mbu, radi kila alasiri, wifi yako kanuna. Mimi nikashuka garini pale ghubani, maji yamekupwa, mikoko imesimama, na ule uvundo wa tope! Nilidhani nikigeuka nitakuona umeinama unachokoa chaza, khanga umeifunga kiunoni. Nilisimama mpaka nikapigiwa honi.

Tumechagua hapo. Vyumba vitatu, gereji ya magari mawili. Waambie, maana najua watauliza. Jimbo halikati kodi ya mapato. Kasoro ni vimbunga. Mwaka 2024, ninyi mmetoka kwenye Hidaya mwezi wa tano, wao wakapigwa na Helene na Milton ndani ya wiki mbili, na bima ya nyumba ni ghali kwa sababu hiyo.

Sasa la kwangu. Nasikia mmekaa kikao, mkaamua kaka harudi tena, kiwanja cha Mikindani apewe Hamisi, na tayari kamwaga mchanga. Nani kawaambia sirudi? Bima ya matibabu ya wazee wa huku hailipi hospitali za huko, ndiyo maana siwezi kuhama moja kwa moja. Goti hili mnataka nilitibie kwa mizizi ya ming'oko? Lakini vimbunga vyao vinaanza Juni hadi Novemba. Miezi hiyo nani atakaa kuvisubiri? Nitakuwa kwangu Mikindani, nipigwe na upepo wa kusi mpaka mabibo yaive. Hiyo ndiyo hesabu yangu tangu siku nilipokinunua kiwanja kile, wakati Mto Rufiji pale Ndundu bado tunauvuka kwa pantoni, na wewe ndiye uliyeshika kamba tukipima.

Hamisi auzoe mchanga wake. Bikoni asiziguse, wala mnazi aliokuwa Baba akifungia ngalawa.

Na mabati yakifika uyahesabu mwenyewe. Nisije nikayakuta yameezekwa Mikindani.

Nduguyo,
Salumu