Ndaga fijo, asante sana kwa Kinyakyusa, dada wa parachichi

Dada uliyekuwa ukiuza parachichi pale Uhindini, Mbeya, Jumamosi ile ya mvua: jina sikukuuliza, nisamehe. Kadi ya kamera ilinidondoka nikikimbilia barazani, nawe ukanitunzia mpaka niliporudi jioni, nahema. Humo mna Jumamosi zangu za miaka: maduka ya zamani ya milango ya mbao, mabati yenye kutu, mlima Loleza nyuma yake, na soko la Mwanjelwa lililojengwa upya baada ya moto wa 2006. Maduka mawili kati ya hayo yameshabomolewa. Hela ya soda ulikataa. Ukaniuliza tu, “Kaka, kuta kuukuu hizi unazipigia picha za nini?” Nikakosa jibu. Picha yako, wewe na beseni lako, nimeshaisafisha. Jumamosi nakuletea.