Shukrani kwa kaka wa Ngamiani

Kaka, jina lako sikuliuliza, ila wanaokujua pale Ngamiani wakufikishie: asante sana kwa kunionyesha Revit, programu ya kuchora nyumba nzima kama modeli moja kwenye kompyuta. Mimi nachora ramani za nyumba hapa Tanga, mtu wa AutoCAD, programu ya kuchorea ramani kwenye kompyuta, tangu chuo, na Revit niliiona ni mambo ya makampuni makubwa ya Dar.

Hukuanza na ukuta. Ulianza na levo, yaani vimo vya nyumba: sakafu, linta, kenchi. Ukasema kila ukuta lazima ujue unaanzia levo ipi na unaishia ipi. Halafu ukapandisha levo ya juu kidogo, kuta zote zikanyanyuka zenyewe, kwenye seksheni (mchoro wa nyumba kama imekatwa wima) na kwenye mwonekano wa mbele. Nilicheka kwa sauti! Kwenye AutoCAD mteja akitaka dirisha la sebuleni lisogezwe, nalifukuzia mchoro mmoja mmoja, kisha jedwali la madirisha nalihesabu upya kwa kidole. Kwenye Revit dirisha ni moja tu. Ukiligusa, michoro yote ina habari.

Ramani zangu za zamani za DWG (faili za AutoCAD) nazo hukuniambia nizitupe. Ulinionyesha kuziweka chini na kujenga modeli juu yake. Kompyuta yangu inalalamika, RAM ndogo, hilo tuliache. Ila mteja wangu wa Raskazone ameizunguka nyumba yake kwenye skrini, akaona ngazi inabana, tukairekebisha kabla fundi hajamwaga zege.

Ukipita tena huku, kahawa na kashata juu yangu.