Barua kwa Kaka Athumani kuhusu foleni ya viza

Columbus, Ohio

Kaka yangu mpendwa Athumani,

Assalaam alaykum. Sisi huku hatujambo, baridi imekwisha kuingia na kazi ni zile zile. Ujumbe wako wa kuomba fedha za kumlipa yule wakala wa viza umenifikia, na pamoja nao maneno aliyoyasema Ami Bakari mbele za watu, kwamba nilimleta Mama haraka ili anilelee watoto, nawe nikakusahau. Maneno hayo yameniuma sana.

Kaka, ombi lako na la Mama niliyapeleka pamoja mwaka 2017, mara tu nilipokula kiapo cha uraia, siku ninayojivunia mpaka leo kwa sababu katika ukoo wetu sikutanguliwa na mtu. Tofauti imo katika sheria. Mzazi wa raia aliyetimiza miaka 21 hapangi foleni, kwa kuwa viza za wazazi hazina kikomo. Ndugu wa raia wamo katika fungu la nne, lililotengewa takriban viza 65,000 kwa mwaka kwa dunia nzima, na ndani ya idadi hiyo wanahesabiwa pia wake, waume na watoto wanaofuatana nao. Siku ombi lako lilipopokelewa ndiyo tarehe yako ya kipaumbele, na hakuna wakala awezaye kuisogeza, hata alipwe kiasi gani.

Kila mwezi Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani hutangaza tarehe iliyofikiwa. Mwishoni mwa 2025, kwa fungu lako na kwa nchi nyingi, Kenya ikiwemo, zamu ilikuwa ya walioomba kabla ya mwanzo wa 2008. Wameksiko, Wafilipino na Wahindi wako nyuma zaidi, kwani wanaoomba ni wengi mno na sheria imeiwekea kila nchi kikomo cha asilimia 7. Wala usihesabu kwamba kila mwaka upitao foleni nayo husogea mwaka mmoja. Kuna miezi ambayo tarehe haisogei hata kidogo, na maombi yakizidi viza zilizobaki hurudishwa nyuma.

Linaloninyima usingizi ni la binti yako Swabra. Mtoto hufuatana na mzazi akiwa hajaolewa na hajatimiza miaka 21, na ingawa sheria ya 2002 humpunguzia katika umri wake muda ambao ombi lilikaa likisubiri kuidhinishwa, yeye keshafika kidato cha nne. Tafadhali mwambie wifi asimzuilie chuo kwa kungojea Marekani. Fedha za wakala sitatuma. Nimetuma za karo yake.

Mama anawasalimu nyote. Kila asubuhi anazitaja mbaazi na mahamri ya nyumbani, nami hunijia hamu ya kuwa nanyi hapo barazani.

Naomba Ami Bakari aelezwe haya mbele ya wale wale aliowaambia.

Dada yako,
Mwanaisha