Mpwa wangu, acha kupasua mawe ya Mwanza

Mwangaluka mpwa wangu,

Mama yako amenitumia ile picha uliyopiga Igombe, ya kigamba kilichojizungusha ulichookota kando ya matete, pamoja na maneno yako kwamba Ziwa Victoria nalo lina amonaiti, yule mnyama wa bahari wa kale mwenye gamba la kujizungusha, aliyetoweka zamani na kubaki kwenye mawe tu. Nimefurahi sana. Nakujibu hadharani kwa sababu najua hauko peke yako. Wapo vijana wengine hapa mjini wanaopiga mawe nyundo wakitafuta hichohicho.

Ulichookota ni gamba la konokono wa majini, na ni wa jamii ya wale wanaobeba kichocho. Kukuchanganya kwake kunaeleweka. Konokono wengi hujizungusha wakipanda juu hadi wanakuwa na ncha, lakini huyu hujizungusha bapa, duara ndani ya duara, sawasawa na amonaiti wengi wa kwenye picha. Tofauti iko ndani. Chukua gamba kavu lililotupwa na mawimbi, ulisugue upande mmoja juu ya jiwe taratibu mpaka lifunguke. Utaona njia moja tupu tangu mdomoni hadi katikati. Amonaiti ukimpasua hivyo unakutana na kuta, moja baada ya nyingine, zinazogawa gamba vyumba vingi. Mnyama mwenyewe aliishi katika chumba cha mwisho tu. Vile vingine vilikuwa na hewa ya kumsaidia kuelea majini, na mrija mwembamba ulipita katika kuta zote. Jamaa zake wa karibu waliopo leo ni ngisi na pweza.

Na tafadhali, usiingie tena kwenye maji ya matete kutafuta magamba. Kichocho si cha kuchezea. Yaliyotupwa juu, yaliyokauka, yanakutosha kujifunzia.

Sasa mawe. Kuanzia Mwamba wa Bismarck hadi vilima vya Bugando, haya tunayoyaona yamepandana ni graniti: mwamba ulioyeyuka kwa joto ukapoa polepole chini sana ya ardhi. Hakuna gamba linaloweza kupona humo. Tena umri wake umepita miaka bilioni 2.5, wakati amonaiti wa kwanza walitokea kama miaka milioni 400 iliyopita, na wa mwisho wakatoweka miaka milioni 66 iliyopita, zama zilezile zilizowamaliza dinosaria. Ziwa nalo ni changa mno. Lina kama miaka 400,000, na katikati hapo limewahi kukauka kabisa. Visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka jiwe, vipo kwenye visiwa vyake, Rusinga upande wa Kenya kwa mfano, ambako mtafiti Mary Leakey alipata fuvu la nyani wa kale mwaka 1948, ila hao ni viumbe wa nchi kavu. Unayemtafuta wewe ni wa baharini.

Kwa hiyo geuza uso kuelekea pwani, na hasa Lindi. Nilipokuwa nafanya kazi huko, mzee mmoja alinipeleka kwenye ukingo wa korongo akanionesha amonaiti akiwa bado ameshikwa na mwamba. Gamba lenyewe lilikuwa limeshakwisha. Kilichobaki ni tope la bahari lililojaa ndani ya vyumba likageuka jiwe, na juu yake ilionekana mishono, pale kila ukuta ulipokutana na gamba. Mishono ile haikunyooka. Imechanjwachanjwa kama ukingo wa jani la mpapai, na nilipopitisha ukucha niliuhisi kila mkunjo. Ukiona mishono ya namna hiyo, huna haja ya kumuuliza mtu.

Hatukumng'oa, na hili ndilo ninalotaka ulishike kabla hujashika nyundo. Kule Tendaguru, mkoani Lindi, kati ya 1909 na 1913, Wajerumani akina Janensch na Hennig waliongoza uchimbaji wa mifupa ya dinosaria. Kazi yenyewe ilifanywa na mamia ya wenyeji, akiwemo msimamizi wao Boheti bin Amrani, na mizigo ikabebwa kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Mifupa iko Berlin mpaka leo. Katikati ya tabaka zenye mifupa kuna tabaka za bahari, na humo kuna amonaiti. Amonaiti walibadilika upesi, kila kipindi na aina zake, na aina moja inaweza kuonekana katika nchi zilizo mbali sana. Ndiyo maana wanajiolojia huwatumia kulinganisha umri wa miamba, na hao wadogo walisaidia kujua kwamba majitu yale ni ya zama za Jura, kama miaka milioni 150 iliyopita. Lakini amonaiti wa kwenye kabati, asiyejulikana alitoka tabaka gani, hawezi kutuambia lolote la namna hiyo. Inaniuma sana kuona visukuku vimepangwa dirishani kama mapambo.

Ukimwona, mwache alipo kwanza. Weka sarafu ya shilingi 200 pembeni yake, piga picha ya karibu, kisha rudi nyuma upige ukingo wote. Andika jina la kijiji, rangi ya mwamba, na kilichoko juu na chini yake. Jitambulishe kwa mwenyekiti wa kijiji siku ileile unayofika. Kuhusu kuchimba, tuna Sheria ya Mambo ya Kale tangu 1964 na kibali kinatakiwa, hivyo kazi yako wewe ni kutazama na kuandika. Kipo cha kutazama kingi: mvua za masika hubomoa kingo za makorongo kila mwaka na kufunua mwamba mpya.

Basi Juni, masika yakishapita na shule mkifunga, ndiyo wakati wa kwenda. Nipe tarehe mapema nimwandikie mwenyeji wangu wa Lindi. Nauli ya Mwanza hadi Dar, na Dar hadi Lindi, nitalipa mimi. Daftari nunua mwenyewe, lenye jalada gumu.

Mjomba wako,
Kirumba, Mwanza